Kondoo wa Dodoma na Hesabu ya Malisho

Kila Agosti wafugaji hukusanyika viwanja vya Nane Nane, Nzuguni, kutazama mifugo iliyonona ikila majani yaliyokatwa na kuletwa bandani. Elimu ya lishe ya mifugo nayo ilianzia bandani. Huko Mpwapwa, ambako Wajerumani walifungua kituo cha mifugo mwaka 1905, mtafiti M. H. French alifanya majaribio ya lishe katika miaka ya 1930. Njia iliyotumika enzi hizo ni nyepesi kueleza: mnyama hufungiwa, chakula chake hupimwa, na kinyesi chote hukusanywa, hukaushwa na kupimwa. Kondoo akila gramu 1,000 za nyasi kavu na kutoa gramu 450, amemeng'enya asilimia 55. Hesabu hiyo haina kasoro, ila kondoo wa machungani hali anachopewa. Huchagua jani bichi na kuliacha shina, na hakuna mzani unaomfuata.

Mwaka 1949 R. J. Lancaster wa New Zealand alionyesha kwamba naitrojeni iliyomo kwenye kinyesi inaweza kukadiria mmeng'enyo wa mnyama aliye malishoni. Ugunduzi huo ni mkubwa, lakini haufai kuhamishiwa Dodoma jinsi ulivyo. Hapa mvua ni ya msimu mmoja, na kiangazi kondoo huokota majani na maganda ya migunga, ambayo yana tanini. Tanini hushikamana na protini, ikatoka nayo nje. Naitrojeni ya kinyesi hupanda, na malisho duni huonekana mazuri. Kosa hilo si dogo: kondoo mwenye gramu 400 za kinyesi kikavu amekula gramu 800 ikiwa mmeng'enyo ni asilimia 50, lakini ukisoma asilimia 60 utaandika gramu 1,000.

Wapo watakaosema maabara yatosha, kwa kuwa tangu 1963 njia ya Tilley na Terry wa Uingereza humeng'enya majani chupani kwa maji ya tumbo la kondoo. Ni njia nafuu na ya kutegemewa, lakini chupa hupokea jani alilochuma mtu. Mfugaji Mgogo naye husoma mgongo wa mnyama, na husoma vizuri. Bahati mbaya mgongo hukonda njaa ikiwa imekwisha kuingia. Watafiti wa Mpwapwa na Kongwa waijaribu kila kanuni ya kigeni kwa kondoo wanaochunga hapa, masika na kiangazi, kabla mfugaji hajaambiwa, kwa hesabu ya kanuni hiyo, apunguze mifugo yake.