Koroboi ya bibi na kombe wa Kigamboni

Nimekulia Mwanhuzi, Meatu, enzi hizo tukiwa bado mkoa wa Shinyanga. Usiku tulisomea koroboi. Ukimwuliza bibi mafuta ya taa yanatoka wapi, jibu lilikuwa moja tu: "Dukani, mjukuu wangu."

Basi wadau, majuzi nilivuka na pantoni kwenda Kigamboni. Maji yamekupwa, akina mama wameinama wanachokoa kombe kwenye tope. Hapo jibu la bibi likaanza kunisumbua.

Kigamboni ndiko kilikojengwa kiwanda cha TIPER cha kusafisha mafuta ghafi, mwaka 1966. Mwaka 1968 likakamilika bomba la TAZAMA, kutoka Dar hadi Ndola, Zambia. Kiwanda kiliacha kusafisha mafuta mwishoni mwa miaka ya 1990, ila bandari ya Dar bado ni mlango mkuu wa mafuta yetu, hata yale yanayouzwa Mwanhuzi.

Tatizo ni kwamba mafuta hayasafiri bila kudondoka. Mombasa walionja kwa kishindo: Aprili 2005 meli ya Ratna Shalini ilimwaga zaidi ya tani 200 za mafuta ghafi bandarini, na mikoko ikafa. Lakini mengi huingia baharini kimya kimya: injini za boti, oili chafu ya gereji inayomwagwa mtaroni, mvua inayoosha barabara.

Yanaenda wapi? Haidrokaboni haziyeyuki vizuri kwenye maji. Hung'ang'ania chembe za udongo, huzama nazo, na ndani ya tope lisilo na oksijeni zinaweza kukaa miaka na miaka. Kombe naye hula kwa kuchuja maji. Samaki ana ini la kuvunjavunja sumu nyingi za mafuta, kombe uwezo huo ni mdogo, kwa hiyo zinabaki mwilini mwake. Ndiyo maana mwaka 1975 mwanasayansi Edward Goldberg alipendekeza kome watumike kupima uchafuzi wa bahari duniani kote.

Jamani, tope la bandari ni sawa na daftari la madeni la muuza duka. Sisi wa bara tulipata mwanga, na leo tunapanda bodaboda. Anayelipa ni mama mwenye ndoo ya kombe, ambaye pengine hana hata baiskeli.

Siku nyingine tukipiga hesabu ya bei ya lita moja, na yeye tumhesabu.