Kanuni za Moto katika Gombolola ya Budondo

Gombolola ya Budondo, iliyo kaskazini ya mji wa Jinja kwenye ukingo wa mashariki wa mto Naili, pale yalipokuwa yakinguruma maporomoko ya Bujagali kabla ya kufunikwa na maji ya bwawa la umeme lililozinduliwa 2012, ni nchi ya migomba, mihogo, kahawa na, katika miaka hii ya karibu, miwa; na nchi ya namna hiyo, yenye nyasi ndefu baina ya shamba na shamba, na viangazi viwili kwa mwaka, haiwezi kukaliwa na watu kwa salama pasipo kanuni ya moto, iwe imeandikwa au haikuandikwa.

Kabla ya serikali ya Waingereza, na hata baada yake kwa muda mrefu, ardhi ya Busoga iligawanywa katika mitala, na kila mutala katika visoko, na mkuu wa kisoko ndiye aliyempa mgeni shamba, akaijua mipaka yake, na akasikiliza mashauri ya majirani waliogombana. Mambo hayo bwana Lloyd Fallers, aliyekaa Busoga mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliyaeleza kwa urefu katika kitabu chake cha 1956. Kwa mpango huo, mwenye kuwasha moto aliuwasha katika ardhi aliyokabidhiwa na mtu anayemfahamu, mbele ya majirani waliopata ardhi yao kwa mkono ule ule, na taksiri yake haikuhitaji askari ili ijulikane. Naamini huo ndio msingi wa mambo yote yaliyofuata: moto wa nje ulikuwa haki ya mtu maadamu jirani ana habari nao.

Kisha akaja Semei Kakungulu, Mganda aliyekwisha kuuasisi mji wa Mbale, akawekwa 1906 kuwa rais wa Lukiiko, yaani baraza, ya Busoga, cheo alichokishika hadi 1913, na kwa utawala wake ngazi za Kiganda za saza, gombolola na muluka zikaota mizizi mashariki ya Naili. Mwaka 1919 sheria ikawapa machifu mamlaka ya kutoa amri kwa raia, zikiwemo za kuzuia moto. Lakini serikali ile ile iliyotaka nyika zilindwe ilitaka pia moto uwashwe, kwani kanuni za pamba, zao lililoenea Busoga tangu mwanzo wa karne, zilimfaradhia mkulima kung'oa mashina ya zamani mwisho wa msimu na kuyateketeza, ili wadudu wasipate makazi ya kungojea mbegu mpya. Kwa hiyo mkulima wa Budondo alikuwa na moto wa haramu na moto wa wajibu.

Fauka ya hayo palikuwa na malale. Maradhi hayo yaliua watu zaidi ya 200,000 katika pwani za Uganda za ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne ya ishirini, hata gavana Hesketh Bell akaamuru kingo za ziwa zihamwe. Yakarudi Busoga miaka ya 1940, na tena kuanzia 1976, wakati kilimo cha pamba na kahawa kilipoanguka na mashamba yaliyoachwa yakageuka vichaka vya lantana, maskani ya mbung'o waenezao maradhi hayo. Aliyeziona nyumba zikibaki tupu kwa sababu ya vichaka hawezi kuukubali kwa moyo mweupe usemi wa kwamba kila moshi ni uharibifu. Nami naona kosa la wengi walioandika juu ya nyika zetu ni kumhukumu mkulima kana kwamba hakuwa na sababu.

Lakini hata kabla ya marejeo hayo ya mwisho, 1974, zama za Idi Amin, ilikuwa imetoka amri ya kupiga marufuku uchomaji wa nyasi nchini kote isipokuwa kwa idhini, nayo ingali sheria hata leo. Sheria ya misitu ya 2003 nayo inakataza moto msituni pasipo ruhusa. Hata hivyo, kwa mtu wa Budondo, ninaloliona kubwa zaidi ni lile la Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, iliyohesabu miongoni mwa kazi za mabaraza ya chini kukataza, kuzuia na kusimamia moto wa nyasi, misitu na vichaka, pamoja na kuwaita wanaume wenye nguvu wauzime na kufyeka njia za kuukinga. Kwa maneno hayo machache shauri la moto lilirudishwa karibu na kisoko lilikotoka.

Uchomaji uliofanywa kwa hadhari una utaratibu wake. Takataka za shamba hukusanywa katikati, mbali na paa la nyasi na mbali na migomba iliyokauka majani; ardhi pembeni hukwanguliwa kwa jembe mpaka udongo mtupu uonekane, upana wa hatua kadhaa; majirani hupelekewa habari; upepo hungojewa utulie, aghalabu jioni; madumu ya maji na matawi mabichi ya kupigia moto huwekwa tayari upande unakoelekea upepo. Kisha moto hulindwa, na majivu hugeuzwa na kumwagiwa maji, kwa sababu kaa lililofukiwa huweza kuamka kesho yake adhuhuri.

Miwa imeuzidisha ugumu. Majani yake makavu hushika moto upesi, shamba moja hugusana na la pili, na muwa ulioungua hupoteza sukari usipofikishwa kiwandani mapema, hivyo uzembe wa mmoja huweza kuwa hasara ya ukoo mwingine mzima. Na tangu Julai 1, 2020, Jinja ilipofanywa jiji, Budondo imeingizwa katika jiji la Jinja, ilhali katika sehemu zake za Buwagi na Namizi watu wangali wanalima. Baraza la jiji lisiichukulie nchi hii kuwa mitaa ya lami. Na waliomo bungeni wayatazame tena yale maneno ya 1997, kwani saa nane mchana, nyasi zinaposhika moto na waume wako mjini au kwenye ukataji wa miwa, wanaokimbia na matawi mabichi ni wanawake, nao hawakutajwa.