Mutoto Huyu Mumemupa Jina Gani?

Mbele ya kumwaga maji ya ubatizo, Padri anauliza wazazi kwenye mulango wa kanisa jina walilomupa mutoto wao. Ulizo hili ni fupi, nao wanajibu upesi. Lakini sisi mapadri tunaosimama pale tunajua kwamba mara nyingi jibu linakuja pamoja na woga. Mama mumoja anataja jina la baba yake kwa sauti ndogo, kisha anatuangalia kana kwamba ametenda kosa. Mwingine anataja jina alilosikia katika televizioni. Tukimuuliza maana yake, anacheka tu. Wa tatu anasema waziwazi: «Padri, jina la babu linaweza kuingia kanisani?»

Ulizo la mama huyu linastahili jibu, nalo jibu linapatikana katika historia. Ndugu wasomaji, tuifwate polepole.

I. Majina ya mababu

Katika inchi yetu jina si alama tu ya kumutofautisha mutu na mwenzake. Jina linaleta habari. Kwa Wanande wa Beni, Butembo na Lubero, ukisikia jina la mutu unajua nafasi yake katika nyumba ya wazazi wake. Kijana wa kwanza anaitwa Paluku ao Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Wasichana nao wana majina yao, kama vile Masika, Kavira na Kavugho. Mama akizaa wasichana watupu, kisha kijana akatokea, huyu ni Muhindo, ndiyo kusema amegeuza mambo. Musichana anayekuja nyuma ya vijana watupu anaitwa Kahindo. Kwa kuwa akina Kasereka ni wengi mujini, kila mumoja anapewa jina la pili, la jamaa ao la jambo lililotokea, na kwa jina hilo anatambulika.

Kwa Waluba wa Katanga mapacha wanaitwa Kyungu na Kabange. Kwa Waluba wa Kasai, Mbuyi na Kabanga. Mutoto aliyezaliwa na kitovu kimemuzunguka shingoni anaitwa Mujinga kwa lugha ya Kiluba, na jina hili halina neno lolote na ujinga wa Kiswahili. Kwa Washi wa Bukavu, Mugisho ni baraka, Murhula ni amani, Byamungu ni mambo ya Mungu.

Yako pia majina ya huzuni. Katika Kivu tunabatiza watoto wanaoitwa Machozi, Mateso, Shida. Walizaliwa wakati wa kilio ao wakati wa vita, na jina limeshika siku ile isisahauliwe. Tusiwacheke wazazi hawa. Rakeli, alipokuwa akikata roho katika uzazi, alimuita mwana wake Benoni, maana yake mwana wa uchungu wangu. Lakini Yakobo akamugeuzia jina, akamuita Benyamini. Baba hakukana machozi ya mama. Alikataa tu mutoto asibebe maisha yake yote muzigo wa siku moja. Wazazi na wafikiri jambo hilo.

Mwisho, kuna jina la marehemu. Katika jamaa nyingi mama anamuita mutoto wake «baba», kwa sababu amemupa jina la baba yake. Hapa tuseme wazi. Kama muzee anafikiri kwamba babu mwenyewe amerudi katika tumbo la mama, hilo si fundisho la Kanisa, maana Mungu anamuumbia kila mutu roho yake. Lakini kama jina ni ukumbusho na heshima, je, kosa liko wapi? Amri ya ine inatuagiza kuheshimu baba na mama, na heshima hiyo haiishi kaburini.

II. Majina ya Wakristu wa kwanza

Watu wengi wanafikiri kwamba tangu Mitume kila Mukristu alipaswa kuacha jina lake la kwanza. Sivyo. Katika barua kwa Waroma, sura ya 16, Paulo Mutume anasalimu Hermes, anayeitwa kwa jina la mungu wa Wagiriki, naye anasifu Febe, aliye na jina la mungu muke wao. Hakuwaambia wayabadilishe. Mutakatifu Martino, askofu wa Tours, alibeba jina lililotoka kwa Mars, mungu wa vita wa Waroma. Leo hakuna anayekumbuka Mars akisikia Martino. Utakatifu wa mutu ndio uliosafisha jina lake.

Ni kweli kwamba katika karne ya tatu Wakristu walianza kuwaita watoto wao Petro na Paulo kwa kuwapenda Mitume, na katika karne ya ine Mutakatifu Yoane Krisostomo aliwashauri wazazi kuchagua majina ya watakatifu. Hili lilikuwa shauri la upendo: mutoto awe na rafiki mbinguni na mufano wa kufwata.

Zaidi ya hayo, tuangalie Afrika ya Kaskazini. Wakristu wa kule walipenda majina yaliyo sala nzima. Mutakatifu Augustino alimuita mwana wake Adeodatus, yaani aliyetolewa na Mungu. Katika karne ya tano Karthago ilikuwa na askofu Quodvultdeus, yaani apendavyo Mungu, na nyuma yake askofu Deogratias, yaani Mungu ashukuriwe. Mushi anayemuita mwana wake Byamungu anafanya kama Waafrika wale walivyofanya miaka elfu moja mia tano iliyopita.

III. Majina mapya katika Kongo

Tarehe 3 mwezi wa tano 1491, mufalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa akaitwa João, jina la mufalme wa Ureno. Mwana wake Mvemba a Nzinga akaitwa Afonso. Majina haya yalikuwa alama ya imani, na tena alama ya urafiki wa falme mbili. Lakini Wakongo hawakuyaacha katika ugeni wake. Dom Afonso ikawa Ndofunsu, Dom Sebastião ikawa Ndombasi. Leo haya ni majina ya jamaa ya Kikongo kabisa, na wengi wanaoyabeba hawajui tena kwamba yalivuka bahari.

Wakati wa ukoloni mambo yalikwenda namna nyingine. Wamisionari wengi waliona jina la kienyeji kuwa jina la upagani, na wakristu wetu wenyewe wakaanza kulionea haya. Jambo la kushangaza ni kwamba sheria ya Kanisa ya 1917, kanuni ya 761, haikusema hivyo. Iliagiza Paroko aangalie mubatizwa apewe jina la Kikristu. Na kama wazazi hawakubali, aongeze jina la mutakatifu juu ya lile walilolitoa, kisha aandike majina yote mawili katika kitabu cha ubatizo. Yote mawili! Sisi tumefungua vitabu vya zamani tukakuta Petro mwana wa Paulo, Maria binti ya Yozefu, ukurasa kwa ukurasa, pasipo jina la jamaa. Mujukuu anakuja kutafuta alama ya babu yake. Tunageuza kurasa, naye anarudi nyumbani mikono mitupu.

IV. Mwaka 1972

Kisha kosa likageuka upande mwingine. Mwezi wa kwanza 1972, Rais Joseph-Désiré Mobutu aliacha majina yake ya ubatizo akajiita Mobutu Sese Seko, na raia wote wakalazimishwa kuacha majina ya kigeni. Mapadri walitishwa kifungo cha miaka mitano kama wakimubatiza mutoto kwa jina la Kizungu. Kardinali Malula, Askofu Mukuu wa Kinshasa, alisimama kupinga. Akanyanganywa nyumba yake, akakaa Roma miezi kadhaa.

Tushike neno hili vizuri. Malula hakuwa adui wa mababu. Tangu alipopewa uaskofu katika 1959 alitamani Kanisa la Kikongo kwa watu wa Kongo, na Misa tunayoimba leo, iliyokubaliwa na Roma katika 1988, inayoita pia mababu wenye moyo munyofu, ilitoka katika kazi yake na ya wenzake. Hakukataa jina la babu. Alikataa serikali kuingiza mukono katika ubatizo.

Wazee wetu wanasimulia kwamba nyumbani waliendelea kuitana Petro na Maria kwa siri. Nyuma ya hotuba ya tarehe 24 mwezi wa ine 1990, iliyofungua njia ya vyama vingi, majina ya ubatizo yakarudi waziwazi. Alama ya wakati ule imebaki: Mukongomani anaandika jina, postinomu na prenomu. Postinomu ilizaliwa siku zile kuziba pahali pa jina la ubatizo.

V. Jibu kwa mama

Basi, jina la babu linaweza kuingia kanisani? Mama, linaweza. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 855, inaomba neno moja tu: wazazi, wasimamizi na Paroko waangalie mutoto asipewe jina lililo kinyume cha roho ya Kikristu. Kasereka si kinyume. Mugisho si kinyume. Jina la matusi, ao la kumuweka mutoto chini ya uchawi, hilo ni kinyume, hata kama linasikika kama Kizungu.

Tena majina yetu yamekwisha kuingia mbinguni. Tarehe 18 mwezi wa kumi 1964, Papa Paulo VI alitangaza utakatifu wa Mashahidi wa Uganda. Mudogo wao tunamuita Mutakatifu Kizito, kwa jina la kwao. Kati yao kuna Yozefu Mukasa, na Mukasa lilikuwa jina la mungu wa ziwa kwa Waganda. Martino na Mukasa, njia ni moja.

Tarehe 15 mwezi wa nane 1985, Papa Yoane Paulo II alimutangaza mwenye heri, pale Kinshasa, binti wa Wamba aliyeuawa Isiro tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 1964. Wazazi walimuita Nengapeta. Shuleni wakamuandika kwa jina la dada yake, Anuarite. Katika utawa akaitwa Marie-Clémentine. Kanisa halikutupa hata moja. Na sasa wasichana wanakuja kubatizwa kwa jina la Anuarite: jina la jamaa limekuwa jina la mwenye heri wa kufwatwa.

Basi, wazazi wapendwa, mbele ya kuja kwa Padri, kwendeni kwanza kwa muzee wa jamaa. Mumuulize jina hili lilitoka kwa nani, na huyo aliishi namna gani. Muandike anayosema, maana siku yake ya kuondoka haiko mbali. Kisha muchague mutakatifu. Mutoto aje na majina yake mawili, nasi tutayaandika yote mawili.