Allidina Visram, Tajiri Mwenye Mkono Wazi
Marikebu zipitazo mbele ya ufuo wa Shelly, Mombasa, zikiuelekea mlango wa bandari ya Kilindini, hufuata njia ya biashara ambayo Allidina Visram (1851–1916), mzaliwa wa Kachi katika Bara Hindi, aliitumia miaka mingi. Alifika Afrika ya Mashariki angali kijana mdogo, akajifunza tijara Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, aliyekuwa karimu mashuhuri. Na reli ilipotoka Mombasa kwenda bara, maduka yake yaliandamana nayo, yakiwauzia wajenzi chakula. Mali hakuihodhi: yeye, Mwislamu wa Kiismailia, alichangia hata kanisa la Namirembe, Kampala, jambo adhimu mno. Shule ya Mombasa yenye jina lake, iliyofunguliwa 1923, ilijengwa na mwanawe, Abdul Rasul, kwa ukumbusho wa babaye.