Walivuka Mipaka Ili Waoane: Historia ya Ndoa za Wamarekani na Wachina

Mwaka 1913 Tye Leung na Charles Schulze waliondoka San Francisco, wakalipita jimbo zima la Oregon, wakavuka mto Columbia na kufunga ndoa katika mji mdogo wa Vancouver, jimbo la Washington. Bwana harusi alikuwa Mmarekani mweupe, ofisa wa uhamiaji. Bibi harusi alikuwa mzaliwa wa San Francisco, binti wa wazazi waliotoka China, na kazi yake ilikuwa ukalimani kwenye kituo cha uhamiaji cha kisiwa cha Angel, walikokuwa wakizuiliwa na kuhojiwa wasafiri waliotoka China. Kilichowapeleka mbali namna hiyo ni cheti cha ndoa. Karani wa California asingewaandikia, wa Oregon naye asingewaandikia. Washington haikuwa na katazo.

Tye Leung hakuwa mtu wa kukubali kila alichoamuliwa. Akiwa na miaka 12 hivi aliikimbia ndoa aliyopangiwa na wazazi wake, akapata hifadhi katika nyumba ya wamisionari wa Kipresbiteri. Mei 1912, wanawake wa California wakiwa wamepata haki ya kura mwaka mmoja tu nyuma, alipiga kura katika mchujo wa wagombea urais, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kichina kupiga kura nchini Marekani. Alipompenda Charles, mama yake Charles hakumtaka Tye, na wazazi wa Tye hawakumtaka Charles. Hilo wangelivumilia, kwani ukwe mgumu haukuanzia kwao. Lililowakuta waliporudi lilikuwa zito zaidi: wote wawili walipoteza kazi serikalini. Charles akaishia kwenye karakana ya shirika la reli, na Tye, mkalimani hodari wa serikali, akaja kuunganisha simu zamu za usiku katika mtaa wa Wachina. Walipata watoto wanne na walikaa pamoja hadi Charles alipofariki mwaka 1935.

Ndoa za watu wa mataifa mawili zikitajwa, mazungumzo huanzia jikoni: nani atapika nini, wakwe watasalimiwaje, watoto watalelewa kwa lugha gani. Hayo ni mambo ya kweli, na kila aliyeoa au kuolewa mbali anayajua. Lakini ukifuatilia maisha ya Wamarekani na Wachina waliooana tangu karne ya 19, utaona kwamba yaliyoumiza nyumba zao mara nyingi hayakutokea jikoni. Yalitoka mezani kwa karani, forodhani na mahakamani. Jikoni watu waliafikiana.

Mfano wa mwanzo unaojulikana vizuri ni wa Yung Wing, aliyezaliwa mwaka 1828 karibu na Macau, akasomeshwa na wamisionari na kuhitimu chuo cha Yale mwaka 1854, Mchina wa kwanza kuhitimu chuo kikuu cha Marekani. Tayari mwaka 1852 alikuwa amepewa uraia wa Marekani. Baadaye aliishawishi Dola ya Qing, iliyotawala China, ipeleke vijana 120 kusoma Marekani, na makao ya mpango huo yakawa Hartford, Connecticut. Mwaka 1875 alimuoa Mary Kellogg, mwenyeji wa jimbo hilohilo. Aliyewafungisha ni mchungaji Joseph Twichell, rafiki mkubwa wa mwandishi Mark Twain. Connecticut haikuwa na sheria ya kuwazuia, na heshima ya Yung ilikuwa kubwa, kwa hiyo harusi ilipita salama. Walipata wavulana wawili. Mary alifariki mwaka 1886, naye akabaki mlezi wa wanawe.

Kisha mwaka 1898 serikali ya Marekani ikaufuta uraia wake, miaka 46 baada ya kumpa, kwa hoja kwamba Mchina hakustahili kuupata. Mwanamume aliyeoa Marekani, akamzika mkewe Marekani na kuwalea watoto wa Kimarekani akawa mgeni kwa kalamu ya waziri. Mwaka 1902, akiwa mzee, ilibidi apenye kwa msaada wa marafiki ili awahi kumwona mwanawe mdogo akihitimu Yale. Alifariki Hartford mwaka 1912. Nimesoma habari za watu wengi waliodhulumiwa na hati za uhamiaji, lakini huyu bado ananiuma, kwa sababu hakuna alichoombwa na Marekani ambacho hakukitoa.

Mwaka huohuo aliooa Yung, Kongresi ilipitisha sheria iliyoitwa ya Page. Kwa maneno ilikusudia kuzuia wanawake walioletwa kufanya ukahaba. Kwa vitendo ilifunga mlango kwa karibu kila mwanamke wa Kichina, maana kila aliyefika alidhaniwa kahaba hadi athibitishe vingine. Mwaka 1882 ikafuata sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia kabisa, na kuwanyima Wachina wote njia ya kuomba uraia. Wanaume wakabaki peke yao katika nchi isiyowaletea wake kutoka kwao na, katika majimbo mengi, isiyowaruhusu kuoa weupe. Nevada ilikuwa imeanza kukataza mwaka 1861, kabla haijawa jimbo kamili. California ilifuata mwaka 1880 ikiwazuia makarani kutoa cheti kwa mweupe na “Mmongolia”, ndivyo sheria ilivyowaita, na mwaka 1905 ikaitangaza ndoa ya namna hiyo kuwa batili. Zaidi ya majimbo kumi yalikuja kuwa na makatazo kama hayo dhidi ya Waasia.

New York haikuwa na katazo. Huko mabaharia na wachuuzi wa sigara wa Kichina waliokaa kusini mwa Manhattan walioa wanawake wa Ireland, maskini kwa maskini, majirani wa ghorofa moja. Hawaii, ikiwa bado ufalme, mfanyabiashara Chun Afong aliyefika huko mwaka 1849 alimuoa binti mwenye damu ya kifalme ya Kihawaii na ya kizungu, akapata watoto wengi na utajiri mkubwa. Pale sheria iliponyamaza, watu waliishi.

Mwanamke wa Kimarekani aliyeolewa na Mchina alikuwa na hasara yake ya pekee. Kwa sheria ya mwaka 1907, Mmarekani aliyeolewa na mgeni alipoteza uraia siku hiyohiyo na kuhesabiwa raia wa nchi ya mume. Mwaka 1922 Kongresi ililegeza, ila ikamwacha nje yule aliyeolewa na mume asiyestahili uraia, na hapo walilengwa Waasia. Hadi mwaka 1931 mwanamke wa Michigan au Ohio aliyempenda Mchina alijua kwamba akitamka “nakubali” anaikabidhi nchi yake.

Mae Watkins wa Ann Arbor, Michigan, alikubali. Aliolewa mwaka 1912 na Tiam Franking, mwanafunzi Mchina ambaye wazazi wake walikuwa wamekwisha kumchumbia mke mwingine nyumbani. Alimfuata mumewe China, akajifunza kuishi chini ya mama mkwe katika ukoo mkubwa, na kwa ushahidi wake mwenyewe akapendwa humo. Tiam alifariki mwaka 1919. Miaka miwili baadaye simulizi ya Mae ilichapishwa kuwa kitabu, na aliyemsaidia kukiandika, bila jina lake kutajwa, ni Katherine Anne Porter, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa Marekani. Wasomaji waliokitarajia kitabu cha vituko vya mama mkwe wa Kichina walikuta habari za familia iliyompokea mgeni.

Tusiufiche upande wa China. Mwaka 1910, Dola ya Qing ikiwa inaelekea ukingoni, wizara yake ya elimu ilipiga marufuku wanafunzi walioko ng'ambo kuoa wageni. Ilihofia kwamba kijana aliyesomeshwa kwa fedha za umma angeoa huko na asirudi. Serikali mbili zisizoaminiana zilikutana katika jambo moja tu: watoto wao wasioane.

Wapo waliofunga ndoa mbali zaidi ya mto Columbia. James Wong Howe, mzaliwa wa Guangdong aliyeletwa Marekani akiwa mtoto mwaka 1904, alikuwa mmoja wa mabingwa wa kamera katika sinema za Hollywood. Sanora Babb alikuwa mwandishi kutoka nyanda kavu za Oklahoma. Walifunga ndoa Paris mwaka 1937, maana California walikoishi isingewafungisha. Waliporudi hawakuweza kuishi waziwazi kama mume na mke. Mikataba ya kampuni za sinema ilikuwa na kifungu cha maadili, na ndoa yao ilitosha kumfukuzisha Howe, hivyo wakapanga vyumba tofauti katika jengo moja. Wakati wa msako wa wakomunisti Babb alihamia Mexico kwa muda ili jina lake lisimharibie mumewe kazi. Howe alipata Oscar mbili, ya kwanza kwa filamu ya mwaka 1955 na ya pili kwa ile ya 1963. Riwaya ya Babb kuhusu wakulima waliohama kwa ukame iliahirishwa mwaka 1939, baada ya kitabu cha Steinbeck juu ya mambo yaleyale kutoka, ikachapishwa mwaka 2004, mwaka mmoja kabla ya kifo chake.

Kilichowakomboa ni kesi ya watu wengine. Andrea Perez na Sylvester Davis wa Los Angeles, mmoja mwenye asili ya Mexico na mwingine mweusi, waliishtaki ofisi iliyowanyima cheti, na tarehe 1 Oktoba 1948 Mahakama Kuu ya California ikaifuta sheria kwa kura 4 dhidi ya 3. Mwaka 1949 Howe na Babb wakafunga ndoa upya, safari hii kwao California, baada ya miaka 12 ya kuificha ile ya Paris.

Miaka hiyo mlango wa uhamiaji nao ulikuwa umeanza kufunguka. Mwaka 1943, China ikiwa mshirika wa vita dhidi ya Japani, Marekani ilifuta sheria ya 1882, Wachina wakaruhusiwa kuomba uraia, na nafasi za kuingia zikawekwa 105 kwa mwaka. Sheria ya wake wa wanajeshi ya Desemba 1945 na nyongeza zake ziliwaingiza maelfu ya wanawake wa Kichina, wengi wao wake wa wanajeshi wa Kimarekani wenye asili ya China. Mwaka 1949 mapinduzi ya China yakaufunga mlango kutoka upande wa pili.

Sidney Shapiro alibaki ndani. Mwanasheria huyu wa Brooklyn alifika Shanghai mwaka 1947, na mwaka 1948 akamuoa Fengzi, mwigizaji na mhariri. Nchi zao zilipokata mawasiliano, yeye alikaa kwa mkewe, na mwaka 1963 akachukua uraia wa China. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni Fengzi alipelekwa mashambani na wakatenganishwa kwa miaka. Shapiro alifasiri kwa Kiingereza moja ya riwaya kuu za kale za China, ile ya majambazi 108 wa kinamasini, na alifariki Beijing mwaka 2014.

Milango ilifunguliwa tena kwa uhusiano rasmi wa kibalozi wa tarehe 1 Januari 1979. Miongoni mwa waliopita ni Mark Okoth Ndesandjo, aliyelelewa Nairobi, mwana wa Barack Obama mkubwa na mama Mmarekani, na mwenye jina la baba wa kambo Mtanzania. Anaishi Shenzhen tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na amemuoa Mchina.

Kesi ninayotaka wasomaji waikumbuke kuliko zote ni ya Ham Say Naim. Alikuwa baharia Mchina. Juni 1952 yeye na Ruby, mwanamke mweupe, walitoka Virginia wakaenda Elizabeth City, North Carolina, ambako ndoa ya mweupe na Mchina ilikuwa halali, kisha wakarudi kuishi Norfolk. Ndoa haikudumu. Mwaka 1953 Ruby alifungua kesi akidai mumewe ni mzinzi, na jaji angeweza kuishia kwenye dai hilo. Badala yake akatangaza kwamba ndoa haikuwahi kuwapo, kwa kuwa sheria ya Virginia ya 1924 ya kulinda “usafi wa damu” iliikataza. Kwa Naim tofauti ilikuwa kubwa mno, maana ruhusa yake ya kukaa Marekani ilitegemea kuwa mume wa raia.

Wakili wake, David Carliner, alikata rufaa. Mahakama ya juu ya Virginia iliikataa mwaka 1955. Mahakama Kuu ya Marekani ikairudisha kesi Virginia, Virginia ikakataa kuigusa tena, na Machi 1956 majaji wa Mahakama Kuu wakasema hakuna swali la kikatiba lililofikishwa mbele yao ipasavyo. Swali lilikuwepo, waziwazi. Miaka miwili nyuma majaji hao walikuwa wameamuru shule za weupe na weusi ziunganishwe, kusini kukawaka, na wakaogopa kuongezea ndoa.

Virginia iliichukua hukumu ya Naim na kuitumia miaka kumi baadaye dhidi ya Richard na Mildred Loving, mweupe na mweusi, waliooana mwaka 1958 na kufukuzwa jimboni. Tarehe 12 Juni 1967 Mahakama Kuu ilizifuta sheria za namna hiyo katika majimbo 16 yaliyokuwa bado nazo, majaji wote wakikubaliana, na uamuzi ukaandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Katiba iliyotumika ilikuwapo mwaka 1956, na Warren ndiye aliyekuwa Jaji Mkuu wakati ule. Mahakama ilikosa ujasiri, na gharama yake ililipwa na kila aliyenyimwa cheti katika miaka 11 hiyo.