Maji Yasiyoganda Mawinguni

Shuleni twafundishwa ya kuwa maji huganda joto lishukapo hata digrii sifuri. Neno hili latosha kwa maji ya ndoo, lakini halitoshi kwa mawingu. Tone dogo sana la maji laweza kubaki maji hata digrii 20 chini ya sifuri, likiwa halina ndani yake kitu cha kuanzisha barafu. Bali likigusa tawi, mwamba au bawa la eropleni, huganda. Wataalamu walijifunza jambo hili polepole, na milima ndiyo iliyokuwa darasa lao.

Mwanzoni mwa mwaka 1922 Tor Bergeron, mtaalamu wa Sweden, alikaa majuma kadhaa Voksenkollen, kilima cha Norway kilicho karibu na mji uitwao sasa Oslo. Kilima kile hufunikwa na wingu mara nyingi. Akipita njia ya msituni aliona ya kuwa joto likizidi sifuri, ukungu hujaa mpaka chini. Lakini likiwa digrii 5 hata 10 chini ya sifuri, ukungu huishia juu, na njia huwa wazi. Kwa nini? Alikumbuka hoja aliyoiandika Mjerumani Alfred Wegener mwaka 1911, ya kuwa barafu huvuta mvuke kwa nguvu kuliko maji. Barafu iliyoshika matawi ilikuwa ikinyonya mvuke, na matone ya ukungu yakakauka. Basi Bergeron akafahamu ya kuwa na ndani ya wingu ni vivyo hivyo: punje chache za barafu hukua kwa kuyanyang'anya matone, hata zikawa theluji na kuanguka.

Huko Marekani, juu ya Mount Washington wenye urefu wa mita 1,917, watazamaji wa hali ya hewa wamekaa daima tangu mwaka 1932. Wakati wa vita Irving Langmuir na Vincent Schaefer walichunguza barafu ishikayo vitu mlimani pale. Kisha tarehe 13 Novemba 1946 Schaefer alipanda eropleni, akamwaga barafu kavu katika wingu karibu na Mount Greylock. Theluji ikaanguka chini ya wingu lile. Hivyo ilidhihirika ya kuwa wingu lile la baridi lilikuwa limejaa maji, likingoja mbegu ya barafu tu.

Lakini je, mbegu isipopatikana? Matone hugongana, huungana, hata yakawa manyunyu. Nayo ni maji bado, ingawa baridi imepita kiasi. Hapo ndipo penye hatari. Tone la kawaida la wingu huwa kama sehemu 2 katika 100 za milimita, bali la manyunyu laweza kufika nusu ya milimita. Tone kubwa halibaki lilipogusa. Hutiririka nyuma juu ya bawa, likaganda mahali pasipo na chombo cha kuvunja barafu.

Tarehe 31 Oktoba 1994 eropleni iliyokuwa ikienda Chicago ilizunguka angani ikingoja ruhusa ya kutua. Barafu ya namna hiyo ikaishika, ikapinduka na kuanguka karibu na Roselawn, Indiana. Watu wote 68 wakafa. Kanuni za siku zile zilipima usalama kwa matone yasiyozidi sehemu 5 katika 100 za milimita. Kanuni za Marekani za matone makubwa zilitolewa mwaka 2014, yaani miaka 20 baadaye.

Basi mtabiri hatosheki kuuliza, "Kuna baridi kiasi gani?" Yampasa kuuliza pia: Je, upepo wasukuma hewa yenye unyevu kupanda mlima, hata wingu likapata maji mapya? Je, kilele cha wingu kina baridi ipitayo digrii 12 hivi chini ya sifuri? Kikipita hapo, punje za barafu huelekea kuzaliwa na kuyala maji. Kisipofika, maji hudumu, na manyunyu yaweza kutokea. Hivyo wingu lenye baridi ndogo laweza kumdhuru rubani kuliko lile lenye baridi kali.

Tuwafundishe wanafunzi wetu kipimo cha sifuri, lakini tusiache kuwaambia ya kuwa baridi peke yake haifanyi barafu.