Kidonge na Ushahidi wa Damu

Anayetaka kujua kama mtu amemeza dawa aliyopewa ana njia tatu za zamani: kumwuliza, kuhesabu vidonge vilivyobaki, au kumtazama akimeza. Tanzania ilipoanzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, njia hiyo ya tatu ilitiliwa mkazo katika miezi ya mwanzo ya matibabu. Lakini nani awezaye kumsimamia kila mtu, kila siku, kwa miaka? Ndipo ikaja njia ya nne: kutoa damu na kuitafuta dawa yenyewe ndani yake. Sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Viktoria tumepata somo kubwa juu ya njia hiyo.

Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika huku kwetu Mwanza na maeneo ya jirani. Wanawake 821 wasio na virusi vya UKIMWI, waliofanya kazi katika mabaa, nyumba za wageni na migahawa, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa asaiklovia, dawa ya malengelenge ya sehemu za siri, na jingine vidonge visivyo na dawa. Ilitumainiwa kwamba kuyatuliza malengelenge kungepunguza maambukizo ya UKIMWI. Haikuwa hivyo, makundi yote mawili yaliambukizwa karibu sawa. Watafiti walikadiria kwamba nusu ya wanawake hao walimeza asilimia 90 ya vidonge au zaidi. Makadirio kama hayo huacha swali moja: je, kidonge kilichotoka kwenye chupa kilifika tumboni?

Jibu lilipatikana ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, katika mji wa Bondo ulio karibu na ziwa hilihili. Bondo ilikuwa moja ya sehemu za utafiti ulioitwa FEM-PrEP, pamoja na miji ya Afrika Kusini. Wanawake zaidi ya 2,000 walipewa ama Truvada, kidonge cha kila siku cha kuzuia virusi, ama kidonge kitupu. Mwezi Aprili 2011 utafiti ulisimamishwa. Walioambukizwa walikuwa 33 katika kundi la dawa, na 35 katika kundi jingine.

Kwa hesabu hiyo, dawa ilikuwa bure. Wanawake 95 katika kila 100 walisema huimeza mara zote au mara nyingi, na hesabu ya vidonge nayo iliwaunga mkono. Lakini damu ilipopimwa, hata miongoni mwa ambao hawakuambukizwa, waliokutwa na dalili za kuimeza siku za karibuni hawakufika asilimia 40.

Wakati huohuo Kisumu na Jinja, miji mingine ya ziwa, ilishiriki katika utafiti wa wenzi ambao mmoja wao ana virusi. Huko dawa ileile ilionekana katika damu kwa asilimia 82 ya vipimo, na maambukizo yalipungua kwa asilimia 75. Bila maabara, tungebaki na tafiti mbili zinazopingana, na pengine dawa nzuri ingetupwa. Kenya ilianza kuitoa kwa wananchi mwaka 2017.

Wapo watakaosema kuwa njia ya mwongo ni fupi. Mimi nasita. Wengi wa wanawake wale walijiona hawamo hatarini, au wamo kidogo tu. Na mtu mzima mwenye afya hamezi dawa kila siku kwa ajili ya ugonjwa asiouona. Tena, kumjibu mganga "ndiyo" ni adabu tuliyolelewa nayo. Damu haina adabu hiyo, ila nayo haijui sababu. Inaweza kueleza kwamba dawa haimo. Haiwezi kueleza kwamba mvuvi alikaa kambini kisiwani mwezi mzima, au kwamba mke alikificha kidonge asikione mume.

Leo watumiao dawa za kupunguza makali ya UKIMWI hupimwa wingi wa virusi katika damu. Ni kipimo kingine, lakini nacho hudokeza kama dawa inamezwa. Majibu yakija mabaya, la kwanza lisiwe kukaripia. Mgonjwa aliyekaripiwa leo hatarudi kesho, na damu ya asiyerudi haipimwi. Liwe swali, na aulizwaye aachwe ajibu bila woga.